Karatasi ya 1908 na ardhi ya Pwani ya Kenya

Katika mashamba mengi ya Kilifi, Kwale na viungani mwa Mombasa kuna sharti ambalo huwezi kuliona limeandikwa, lakini kila anayeishi pale analijua. Panda mahindi, panda muhogo, panda kunde, mnazi usipande. Mkorosho na mwembe pia usipande. Nyumba jenga, ya udongo na makuti, ila ukionekana unasomba mawe na saruji utaitwa uulizwe. Anayetoa sharti hilo ni mwenye hatimiliki, au mara nyingi wakala wake, maana mwenyewe huenda anakaa Nairobi au ng'ambo. Anayelipokea amezaliwa hapo hapo na makaburi ya wazee wake yako nyuma ya nyumba.

Sharti hilo halikutokana na roho mbaya tu. Kwa desturi za Pwani mti wa kudumu ni ushahidi. Ardhi inaweza kuwa na mwenyewe na mnazi ukawa na mwenyewe mwingine, na aliyepanda mnazi haondolewi kirahisi kama aliyelima mahindi ya msimu mmoja. Fikihi ya Kiislamu nayo inamtambua mtu aliyeifufua ardhi iliyokufa akaifanya ya kufaa. Kwa hiyo mwenye shamba anayekataza mnazi anajua anachokikataza: asilotaka liote ni dai.

Ukikaa ukasikiliza mijadala ya redioni kuhusu ardhi ya Pwani, utagundua wajuzi hawaanzii mahali pamoja. Mwanahistoria ataanza na 1886, Wazungu walipompimia Sultani wa Zanzibar maili kumi za pwani. Mwanaharakati wa “Pwani si Kenya” ataruka hadi 1963, na wakili ataifungua Katiba ya 2010. Kila mmoja ana lake la kweli. Lakini mwaka ulioamua nani leo aitwe mwenye shamba na nani aitwe skwota, yaani mkaazi asiye na hati, ni 1908, na huo hutajwa kwa nadra. Kinachotajwa kwa nadra zaidi ni fikra iliyoubeba mwaka huo: kwamba ardhi isiyo na karatasi haina mwenyewe.

Tuanze na zile maili kumi, kwa sababu ndizo zinazopigiwa kelele. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuwa mamlaka ya Sultani Barghash bara yaishie maili kumi kutoka baharini, kuanzia eneo la mto Ruvuma hadi Kipini, penye mlango wa mto Tana, pamoja na visiwa na baadhi ya miji ya Benadir, kwenye pwani ya Somalia ya leo. Hakuna aliyeenda kumuuliza mzee wa kaya, yaani kijiji kitakatifu cha msituni cha Mijikenda, kama utawala wa Sultani unafika kwake. Kusema kweli haukuwa unafika sana. Sultani alikuwa na maliwali mijini na ushuru bandarini. Kati ya mji na mji palikuwa na watu wenye mambo yao. Ramani ndiyo iliyomfanya mtawala wa eneo zima.

Baada ya hapo ukanda ule mmoja ukagawanyika mara mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyosemwa. Upande wa kusini, unaoanzia Vanga kwenda Tanga, Bagamoyo na Lindi, Wajerumani waliununua moja kwa moja mwaka 1890 kwa marki milioni nne. Upande wa kaskazini Waingereza hawakuununua. Kwanza aliupata mfanyabiashara Mackinnon na kampuni yake, na kampuni iliposhindwa, serikali ya Uingereza ikatiliana saini na Sultani Hamad bin Thuwaini mnamo Desemba 1895 ili iutawale kwa niaba yake na kumlipa kila mwaka. Ndiyo maana Kenya ilikuwa na jina la mapande mawili tangu 1920: bara ikawa koloni, pwani ikabaki himaya, yaani milki ya Sultani chini ya ulinzi wa Uingereza. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Fort Jesus hadi 1963.

Kutokana na hapo kumezaliwa hoja kwamba Pwani ilikuwa imekodishwa tu, na kwamba mkataba umekwisha muda. Wapo waliosubiri 2013 kwa imani kuwa miaka hamsini ikitimia Pwani ingejirudia yenyewe. Hakuna kipengele kama hicho. Makubaliano ya Oktoba 1963 hayakuongeza muda wa kukodisha. Yaliyafuta yale ya 1895, na Sultani akaachia madai yake. Mtu anaweza kuhoji uhalali wake wa kisiasa, na wapo wanaohoji kuwa watu wa Pwani hawakupigiwa kura ya maoni, lakini tarehe ya kwisha haimo.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe.

Utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Wenye mashamba ya nafaka na minazi ya Malindi, Takaungu na Mombasa wakabaki na ardhi kubwa bila mikono ya kuilima. Waliokuwa watumwa wengi hawakuondoka. Walibaki pembeni mwa mashamba yale yale, wakilima chao na kutoa kidogo kwa mwenye shamba, au bila kutoa kitu. Wagiriama, Wadigo na Mijikenda wengine nao wakateremka kutoka vilimani kulima karibu na bahari. Wakati huo huo walikuwapo Wazungu waliotaka kununua ardhi ya mpira na pamba, na tatizo lao lilikuwa kwamba hawajui wanunue kwa nani. Shamba moja lilikuwa na Mwarabu anayesema ni lake, jamaa zake wanaosema ni la urithi wa wote, na wakulima wanaosema wao ndio waliolisafisha. Mnunuzi wa London hataki hadithi hizo. Anataka jina moja.

Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908 ilitungwa kumpa jina hilo moja. Kila mwenye dai katika ukanda ule alitakiwa alete ombi mbele ya afisa wa kuandikisha, alete na mashahidi, na akikubaliwa apewe cheti kisichopingika. Ardhi isiyodaiwa, au iliyodaiwa bila ushahidi uliomridhisha afisa, ikawa mali ya Taji la Uingereza.

Itazame kwa macho ya mtu wa wakati ule. Mwenye shamba wa Malindi anajua kusoma na kuandika kwa Kiarabu, anamjua kadhi, anamjua liwali, ana hati ya mauzo au ya rehani. Mfanyabiashara wa Kihindi aliyemkopesha ana daftari. Mgiriama anayelima maili nne kutoka hapo ana nini? Ana mbari yake, ana kaya yake, ana wazee wanaojua nani alilima wapi, na ardhi yenyewe ni ya mbari, haina mtu mmoja wa kuitia jina. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina la mtu. Zaidi ya hayo, serikali ilikuwa na wazo lake tayari kuhusu mahali pa “Wanyika”, kama walivyoitwa: kwao ni kule nyuma, kwenye hifadhi zilizotengwa, si huku pwani. Kwa hiyo sehemu kubwa yao haikudai, na wengine hata hawakujua kuwa kuna wito wa kudai.

Hapo ndipo mkaazi alipogeuka kuwa mvamizi bila kusogea hata hatua moja.

Mgogoro wa 1914 wa Wagiriama na Waingereza nao ulihusu ardhi, ingawa unakumbukwa zaidi kwa jina la Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewahamasisha Wagiriama. Serikali ilitaka vijana wakafanye kazi mashambani na bandarini, ikataka kodi, na ikaamuru watu waondoke ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, kwenye ardhi nzuri kuliko zote walizokuwa nazo. Mekatilili alikuwa tayari amepelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi, akatoroka. Vita vikapiganwa, kaya ikalipuliwa kwa baruti. Kwa serikali ile ardhi ya ng'ambo ya Sabaki haikuwa ya Wagiriama kwa sababu haikuwa na karatasi ya Mgiriama.

Mwaka huo huo wa 1914 ilitungwa sheria maalumu ya kuiwekea ardhi ya Mazrui ya Takaungu wadhamini kwa niaba ya ukoo mzima. Yaani serikali ilipotaka, iliweza kabisa kutambua kuwa ardhi inaweza kumilikiwa na ukoo. Iliwatambua waliojua kuomba kwa lugha yake. Sheria hiyo ilifutwa na bunge mwaka 1989, na suala likaishia mahakamani, kwa kuwa wakati huo juu ya ardhi ile kulikuwa na familia nyingi ambazo nazo zilijiona kwao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kazi ya kuandikisha ikasimamishwa kabla ya kumalizika. Lamu haikufikiwa ipasavyo. Unaweza kudhani Lamu ilibahatika, lakini kwa fikra ile ile ya ardhi bila karatasi, sehemu kubwa ya Lamu ikahesabiwa ya serikali. Serikali ikaja kuigawa itakavyo: mradi wa makazi wa Mpeketoni mwanzoni mwa miaka ya 1970, bandari mpya, na ugawaji mkubwa wa 2011 na 2012 ambapo kampuni 22 zilijipatia takriban ekari 500,000. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufuta hatimiliki hizo mwaka 2014, wiki chache baada ya shambulio la Mpeketoni lililoua zaidi ya watu 60. Al-Shabaab walisema ni wao waliofanya. Serikali ikataja siasa za kienyeji. Kwa vyovyote, mtu yeyote aliyetaka kuwasha moto pale alikuta kuni zimekauka zamani.

Turudi 1963, maana hapa pana kinaya ambacho sijakisikia kikisemwa wazi jukwaani.

Miaka ya mwisho ya ukoloni, vuguvugu la Mwambao lilitaka ukanda ule upate mamlaka yake au urudi chini ya Zanzibar. Wengi wa waliolibeba walikuwa Waarabu na Waswahili wa mijini, baadhi yao wenye mashamba. Mijikenda wengi walilikataa. Kwao, kurudi kwa Sultani kulisikika kama kurudi kwa bwana wa shamba, na wakaelekea kwa Ronald Ngala na chama chake cha KADU, waliotaka majimbo ndani ya Kenya. Mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kuchunguza, akapendekeza Pwani iungane na Kenya kwa dhamana fulani. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, wakaandikiana barua zenye dhamana hizo: uhuru wa kuabudu, mahakama za kadhi, elimu ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu, na maofisa Waislamu katika maeneo ya Waislamu kadiri inavyowezekana.

Na dhamana moja zaidi. Hatimiliki za ardhi zilizokwisha kuandikishwa Pwani zitaheshimiwa wakati wote, na serikali ikiitaka ardhi hiyo kwa manufaa ya umma italipa fidia kamili bila kuchelewa.

Kwa maneno mengine, mkataba wa 1963 ndio uliozipigilia msumari karatasi za 1908. Serikali ya Kenya ilizikubali bila shida, kwa sababu nayo ilikuwa imeshashika njia hiyo hiyo ya ardhi: tangu Mpango wa Swynnerton wa 1954, huko bara shamba lilikuwa linapimwa, linatiwa jina la mtu mmoja, na anayeandikishwa kwanza anakuwa mwenyewe hata kama jirani zake wanajua vingine. Kenyatta na wenye mashamba wa Pwani waligombana juu ya bendera, lakini juu ya maana ya umiliki walikuwa wanasema lugha moja.

Miaka arobaini na tano baadaye likaibuka tena Baraza la Republican la Mombasa, MRC, kundi la kutaka Pwani ijitenge, lililoasisiwa 1999 na kupata nguvu kuanzia 2008. Lilipigwa marufuku 2010; Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2012. Wafuasi wake wengi walikuwa Mijikenda, hasa wa Kwale, na malalamiko yao makubwa yalikuwa ardhi. Walichokuwa wakikionyesha kama ushahidi ni mikataba ya 1895 na 1963. Wajukuu wa walioikataa Mwambao wakaushika mkataba uliotokana na Mwambao, mkataba ambao ndani yake mna kipengele kinachomlinda mwenye shamba dhidi yao. Siwalaumu. Mkataba ulikuwa ndiyo karatasi pekee kubwa waliyoachiwa, na katika nchi inayosikiliza karatasi, mtu hushika iliyo karibu.

Kuona kuwa haya hayakuwa majaliwa, vuka mpaka wa Lunga Lunga. Ukanda ni ule ule, watu ni wale wale, Wadigo wako pande zote mbili. Lakini Tanganyika ilipita njia nyingine. Waingereza waliotawala baada ya Wajerumani walitunga sheria ya 1923 iliyoifanya ardhi kuwa ya umma chini ya Gavana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ilipotaka kuwapa watu umiliki wa kudumu kama Kenya, Nyerere alipinga kwa maandishi mwaka 1958 katika kijitabu cha Mali ya Taifa: ardhi ni ya wote, mtu ana haki ya kuitumia, hana haki ya kuigeuza bidhaa. Mwaka 1963 umiliki wa kudumu uliokuwapo, ukiwemo wa mashamba ya zamani ya pwani, ukageuzwa kuwa wa kupanga kwa miaka 99. Zanzibar kwa upande wake ilitaifisha baada ya Mapinduzi na kugawa eka tatu tatu. Ndani ya miaka miwili tu, milki iliyokuwa ya Sultani mmoja ikawa na fikra tatu tofauti za ardhi.

Nisieleweke vibaya. Mtanzania hakuepuka kufukuzwa. Pale ambapo serikali ndiyo mwenye ardhi, ndiyo pia inayofukuza, na mtu wa Loliondo au aliyehamishwa wakati wa Operesheni Vijiji anayo ya kusimulia. Tofauti ni kwamba huko ugomvi ni kati ya mwananchi na dola. Pwani ya Kenya ugomvi ni kati ya mwananchi na mwananchi mwenzake mwenye cheti, dola ikiwa katikati na polisi wake, na kwa kuwa mwenye cheti mara nyingi ni wa kabila, rangi au mji mwingine, ugomvi wa karatasi huvaa nguo za ukabila haraka sana. Likoni, mtaa wa Mombasa, iliwaka hivyo Agosti 1997, na walioumia zaidi walikuwa wapangaji na wachuuzi kutoka bara ambao hawakuwa na shamba lolote.

Mombasa mjini sura ni nyingine kidogo. Kwenye mitaa kama Majengo utakuta nyumba ni ya mtu na ardhi chini yake ni ya mwingine. Mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja, kiasi kidogo, na hupewa risiti. Familia nyingi zimeziweka risiti hizo miaka na miaka, zimefungwa kwa uzi, zikiamini kuwa ndizo kinga yao. Mahakamani mambo hugeuka. Sheria ya Kenya inamruhusu mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mwingine miaka 12 waziwazi, bila ruhusa ya mwenyewe, adai kuwa imekuwa yake. Bila ruhusa, hapo ndipo penye mtego. Anayelipa kodi amekaa kwa ruhusa, kwa hiyo miaka yake haihesabiwi, hata ikiwa sitini. Na kama ardhi ni ya serikali, dai hilo halipo kabisa. Mkaidi aliyekataa kulipa chochote anaweza kushinda kesi ambayo mpangaji mwaminifu ataishindwa.

Suluhisho linalopendwa na serikali ni kununua. Mfano unaojulikana zaidi ni lile shamba la Likoni lenye ekari zaidi ya 900, ambalo serikali ililinunua kwa zaidi ya shilingi bilioni moja na wakaazi wakaanza kupewa hatimiliki Januari 2016. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Atakayejenga nyumba ya mawe bila kuulizwa anajua thamani ya hicho alichopata. Ila angalia kilichofanyika. Mwenye hati hulipwa na hazina, skwota hutakiwa kurejesha sehemu ya gharama pole pole, na karatasi ya asili haikuulizwa hata swali moja. Ni kulipia mara ya pili kilichochukuliwa mara ya kwanza. Na kwa bei za ardhi ya ufukweni, hazina haiwezi kununua Pwani yote.

Njia ya kuiuliza karatasi maswali ilikuja na Katiba ya 2010. Ilitambua ardhi ya jamii kama aina kamili ya umiliki, jambo ambalo fomu ya 1908 haikuwa na nafasi nalo, na ikaunda Tume ya Taifa ya Ardhi, yenye kazi mojawapo ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Sheria iliyofuata ikataja kipindi chenyewe: kuanzia Juni 15, 1895 hadi Agosti 27, 2010. Kwa hiyo 1908 imo ndani. Tena sheria hiyo haimtaki mlalamikaji awe alikuwa mmiliki. Inatosha kuwa alikuwa akikaa kwenye ardhi hiyo. Risiti za kodi ya kiwanja, ambazo mahakamani zinamvunja mtu, mbele ya Tume zinaweza kumsaidia, kwa sababu zinaonyesha alikuwapo.

Kikwazo kilikuwa kwamba kupeleka dai kuliwekewa miaka mitano tu, na miaka hiyo ilianza kuhesabiwa Septemba 2016. Ilipofika Septemba 2021 dirisha likafungwa. Waliowahi walikuwa zaidi wale wenye wakili, chama au mwanasiasa wa kuwaambia kuwa kuna fomu ya kujaza. Wengi wa wengine walikuwa bado wanazungumzia mkataba wa Sultani.